Maua ya Mpaka

Baba yangu alipiga reki akirudi kinyumenyume. Alianzia langoni, chini ya mti wa mwisho, akarudi polepole hadi mlango wa jiko, na kila alipokanyaga alifuta kwa meno ya reki. Akimaliza, uwanja mzima wa kambi ulikuwa na mistari mitupu, kama kichwa cha mtoto kilichochanwa kwa ajili ya kanisa, na hapakuwa na alama ya mguu wa mtu. Hapo ndipo aliposimama, akashika kiuno, akaridhika. Sisi watoto tulipita pembeni kwenye nyasi zenye umande ili tusimharibie kazi, tukafika shule na soksi zimelowa.

Kambi ilikuwa juu ya Kanyakine, pale majani chai yanapoisha na msitu wa mlima unapoanza. Watu walikuja na mahema yao kutoka Nairobi, kutoka Meru mjini, wengine kutoka nchi za mbali. Walilala kwetu siku moja au mbili, wakala nyama choma, wakaota moto, wakaondoka. Nasema kwetu kwa mazoea tu. Tuliishi katika nyumba ya mbao nyuma ya jiko, vyumba viwili na bati juu, na kazi yetu sote, mkubwa kwa mdogo, ilikuwa kuhakikisha kwamba mgeni hakosi kitu na wala hamwoni anayemletea.

Baba alikata nyasi, akachimba vyoo, akapasua kuni, akaunga mabomba yaliyokanyagwa na ndovu wakati wa kiangazi. Mama alipika, akafua mashuka, akachemsha maji ya kuoga katika pipa lililolazwa juu ya moto nyuma ya mabafu. Hiyo ya maji ndiyo iliyomzeesha. Mgeni yuko ndani na sabuni kichwani, anapiga kelele, "Mama, maji imepoa!" Naye Mama yuko nje kwenye moshi, macho mekundu, anapuliza kuni mbichi. "Inakuja, mtoto wangu," alijibu. Aliwaita wote mtoto wangu, hata wenye mvi. Kisha akigeuka upande wetu alisema kwa Kimeru maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu alikuwa mwimbaji wa kwaya na bado ana jina kanisani.

Husemwa kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sijawahi kuona mgeni akipewa jembe pale. Jembe lilikuwa letu tangu siku ya kwanza, na bado mwishowe ni sisi tulioambiwa tulikuwa wageni.

Mama alitaka kitu kimoja tu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari zetu hudhani tulikuwa na tamaa. Alitaka nyumba ya mawe, juu ya ardhi ambayo hakuna mtu angeweza kumwambia ahame. Haikuwa lazima iwe kubwa. Vyumba vitatu, na jiko ambalo angekoka moto saa anayotaka yeye. Na ardhi yenyewe ilikuwepo. Tulipewa, mimi nikiona kwa macho yangu.

Mwenye shamba wa kwanza alikuwa mzee mmoja mrefu, mzaliwa wa pale pale, ambaye sote tulimwita Mzee. Baba alimchungia ng'ombe tangu ujana wake, kabla hapajawa na kambi yoyote. Wapanda mlima walipoanza kubisha hodi wakiomba mahali pa kusimamisha hema, Mzee aliona kwamba hema halihitaji dawa ya kupe. Aliuza ng'ombe, na Baba akaweka fimbo chini akashika reki. Miaka ikapita hivyo, Baba akioa, akizaa, akizeeka kidogo kidogo kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Miguu ya Mzee ilipoanza kumwangusha, alimwita Baba siku moja baada ya kanisa. Walitembea pamoja upande wa nyuma wa kambi, kutoka mti mkubwa wa mringa hadi mtoni. Mimi niliwafuata na kibuyu cha uji. Mzee alichimba shimo kwa jembe lake mwenyewe, Baba akaweka ndani kitunguu cha ua la mpaka, akafukia. Wakasogea mbele, wakachimba tena, wakafukia tena, hadi nikasikia sauti ya maji na safu ikawa imefika mtoni.

Maua hayo yana majani marefu mapana, kama mahindi machanga, na mvua ikianza hutoa ua jeupe lenye mstari wa rangi ya waridi katikati. Kwetu karatasi za shamba zilikuja juzi. Kabla ya karatasi palikuwa na maua haya, na hadi leo wazee huyaamini kuliko karatasi. Ukiyapanda ukiwa na mwenzako, mmekwisha kuapa. Hayang'olewi. Hata mbuzi hawayali. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba mkono unaong'oa maua ya mpaka haufiki uzeeni ukiwa mzima.

"Mtu aliyenilindia boma hawezi kuzikwa kando ya barabara," Mzee alisema walipomaliza. "Hapa ni pako na watoto wako. Hiyo ya karatasi tutaenda pamoja mguu ukipoa."

Walikunywa uji kwa zamu kutoka kibuyu kimoja, nami nikapewa uliobaki. Mguu haukupoa. Lakini sisi hatukuwa na wasiwasi, kwa sababu maua yalikuwa yameshika.

Kuanzia siku hiyo Mama hakutoka mtoni bila jiwe. Alibeba mtungi mgongoni, kamba ya mtungi ikimkata paji la uso, na mkononi jiwe. Likiwa kubwa, alilikumbatia kifuani. Akifika, alimwaga maji kwenye pipa kwa ajili ya wageni, kisha akapanda hadi kwenye mringa na kuliweka jiwe lake juu ya mengine. Sisi pia tulitumwa. Rundo lilikua hadi likamzidi kaka yangu kimo. Kulikuwa na jiwe moja bapa, jekundu, lenye shimo dogo upande mmoja, ambalo nilikalia nikifanya kazi ya shule, na Mama aliniambia nilipende vizuri kwa sababu lingekuwa kizingiti cha mlango wetu.

Mzee alifariki, akazikwa vizuri, na mwanawe mkubwa akaja kutoka Nairobi alikokuwa akifanya kazi ya ofisi. Baba alimwita Mwenyewe, na sisi tukafuata. Mwenyewe amesema. Mwenyewe anakuja Ijumaa. Alikuwa mtu mpole wa sauti, sijawahi kumsikia akifoka. Angekuwa mkali pengine Baba angeshtuka mapema.

Kwanza alisema kamba ya nguo zetu isionekane kutoka kwenye mahema. Tukaanika ndani, na nguo zetu zikanuka moshi darasani. Kisha akasema watoto wasipite uwanjani wageni wakiwepo. Kisha jogoo. Mgeni mmoja mwanamke alilalamika kwamba jogoo wetu alimwamsha alfajiri, naye alikuwa amekuja kupumzika. Mwenyewe alimpigia Baba simu, akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Mzee, hebu angalia hiyo mambo ya jogoo." Baba aliiangalia kwa kisu. Mama alimpika kwa nazi ya pakiti, akampelekea yule mgeni chakula cha mchana, na mgeni akasema hajawahi kula kuku mtamu hivyo, kuku wa kienyeji kweli kweli. Mama alicheka hadi akakaa chini kwenye sakafu ya jiko. Halafu hakucheka tena siku nzima.

"Mnaishi hapa?" wageni walituuliza, wakiinua simu zao kupiga picha mlima. "Mna bahati sana. Hewa safi, ndege, mnalala mkisikiliza mto." Walikuwa wakweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Siku moja walimpa kima mkate, wakacheka alivyoushika kwa mikono miwili kama mtu. Wao waliondoka Jumapili. Jumatatu kima alirudi na ukoo wake wote, na wasipopata mkate wakamaliza mahindi yetu. Nikimtajia mtu habari hizo leo, huniambia kwamba kima pia ni viumbe wa Mungu.

Baba hakuona kosa katika lolote. Alikuwa na imani moja, kwamba kazi nzuri hujisemea. Akitumwa kitu kimoja alifanya viwili. Wengine huvunjika guu kwa kutosikia la mkuu. Baba yangu alisikia kila neno la mkuu, na nitaeleza sasa alivyovunjika.

Ilikuwa kabla ya mvua ya Machi. Kundi kubwa la wageni lilikuwa linakuja, watu wa kampuni fulani, na Mwenyewe alifika mapema kukagua. Alitembea kutoka lango hadi vyoo akitazama huku na huku, Baba nyuma yake, kofia mkononi. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya viazi, dirisha liko wazi.

"Mzee, hii njia inakaa uchi," alisema. "Wageni wanataka kitu ya kupiga picha. Huko nyuma kuna maua mazuri yamekaa tu bure. Hebu leta hizo hapa, upange side hii na hii mpaka kwa vyoo."

"Zile za kule nyuma?" Baba aliuliza.

"Ndio. Zile nyeupe."

Baba aligeuza kofia mkononi. Nakumbuka nilisimamisha kisu. Kisha akasema, "Sawa, mkubwa."

Mama alipoambiwa, aliweka sufuria chini. Hakupiga kelele. Alimwuliza kwa Kimeru kama amerogwa.

"Hayo si maua," alimwambia. "Unajua hayo si maua."

"Mwenyewe ametaka njia ipendeze."

"Mwambie ukweli. Mwambie ni mpaka, baba yake alipanda. Utamnunulia mengine kule Kanyakine, yako kila mahali kando ya barabara."

"Yeye ni mtoto wa hapa, hakuna asichokijua. Na mpaka wetu nani asiyeujua? Hata kuku wanaujua. Mvua ikinyesha nitapanda mengine pale pale."

"Basi tuma mtu mwingine ang'oe. Usiweke mkono wako."

Hapo Baba alikasirika. Alisema hajawahi kutuma mtu kazi aliyotumwa yeye. Asubuhi iliyofuata alichukua jembe, akaanzia mtoni, akapanda hadi kwenye mringa, aking'oa kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa asijeruhi mizizi. Vitunguu vilikuwa vimenenepa kama vichwa vya watoto wachanga. Sisi tulisukuma wilbaro. Alivipanda kando ya njia kwa kamba iliyonyooshwa, nafasi sawa kwa sawa, akavimwagilia. Kisha akarudi nyuma alikovitoa, akafukia yale mashimo yote, akapiga reki juu yake. Hilo sijalielewa mpaka leo. Hakuna mgeni aliyekuwa akifika kule nyuma. Hakuna aliyemwambia apige reki. Ni mkono tu uliokuwa umezoea.

Mvua ilinyesha na maua yakatoka, meupe pande zote mbili, na lazima niseme njia ilipendeza. Wageni wa kampuni walipiga picha. Baba alitaka kwenda kutafuta vitunguu vingine vya kupanda nyuma, lakini kulikuwa na bomba la kuunga, halafu choo kimoja kilijaa, halafu kundi lingine likaja.

Kabla mwaka haujaisha, Mwenyewe alikuja na fundi na mtu wa kupima. Alisema anajenga nyumba ndogo ndogo za wageni upande wa nyuma, zitazame mto. Akamwomba Mama, kwa upole, asogeze yale mawe yake.

Mama alikataa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia akimjibu mwenye shamba, na alimjibu akiwa amekaa, juu ya rundo lenyewe, miguu ikining'inia. "Sogea wewe," alimwambia.

Ndivyo tulivyofika kwa naibu wa chifu, mbele ya wazee wa ukoo wa Mwenyewe. Tulikaa nje ya ofisi kwenye viti vya plastiki. Nilifika nikiwa na tumaini, kwa sababu nilidhani wazee watauliza nani alipewa nini. Mimi nilisimama, nikasema nilikuwepo, nilibeba uji. Mmoja wao aliniuliza wakati huo nilikuwa darasa gani. Nilipomjibu, alitabasamu, akasema watoto hubeba uji mwingi. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Kisha yule mkubwa wao, mzee mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, akamgeukia Baba.

"Unasema mlipanda maua ya mpaka."

"Ndio."

"Wewe na marehemu."

"Ndio, mzee. Kutoka kwa mringa mpaka kwa mto."

"Sasa tukienda huko leo, tutayapata?"

Baba alivua kofia, akaiweka gotini.

"Nani aliyang'oa?"

Nilimtazama Mwenyewe. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimtazama Mama, na midomo yake ilikuwa inatembea, anaomba, nami najua alichokuwa anaomba. Aliomba Baba aseme uongo. Mama wa kwaya, mke wa mzee wa kanisa, alikuwa anamwomba Mungu uongo mmoja tu.

"Ni mimi," Baba alisema.

Palikuwa na mguno. Yule mzee wa koti akatikisa kichwa taratibu, na ninaamini alisikitika.

"Nilitumwa," Baba akaongeza. "Niliambiwa nilete maua kwa njia."

"Mimi niliomba maua," Mwenyewe alisema, bila kuinua sauti. "Sikumwambia ang'oe mpaka. Hata sikujua kama ni mpaka. Angeniambia, si ningemwachia?"

Alijua. Naandika hapa bila kumumunya maneno: alijua. Mtu aliyezaliwa pale, aliyekatazwa akiwa mtoto kukanyaga maua yale, hawezi kusema aliona maua tu. Lakini kujua kwake hakukuonekana popote, na mkono wa Baba ulikuwa umeonekana.

Mama alisimama. Wanawake hawakuwa wameulizwa kitu. "Mkono ni wake," alisema. "Na aliyetuma mkono ni nani?"

"Mama," yule mzee alimjibu, "mkono una mwenyewe. Mtu aking'oa mpaka wake kwa jembe lake, mchana, akiwa na akili timamu, amesema hana mpaka. Sisi tuseme nini tena?"

Walitupa muda wa kuhama, na Mwenyewe akaongeza mwezi mmoja juu yake. Alisema hana kinyongo. Akampa Baba mkono, na Baba akaupokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama alivyozoea. Fadhila za punda ni mateke, lakini sijawahi kusikia kwamba punda huaga kwa heshima namna ile. Nilikuwa nimekwisha kuwa msichana mkubwa, nikalia kwa hasira njia nzima. Sikuwa ninamlilia Mwenyewe. Nilimkasirikia baba yangu. Ninamkasirikia hata sasa, nikimnunulia dawa zake, nikimkata kucha.

Asubuhi tuliyohama, mizigo ikiwa tayari kwenye pikapu, tulimkosa Baba. Tulimpata uwanjani na reki. Alikuwa anamalizia karibu na jiko. Mama alikataa kukanyaga pembeni. Alishuka katikati ya uwanja na viatu vyake vya kanisani, akiburuta miguu kwa makusudi, akaingia kwenye gari. Baba akaitazama ile mistari iliyovurugika. Kama dereva hangepiga honi, nina hakika angeirudia.

Sasa wanakaa Kanyakine, katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la pembejeo. Mimi ninafanya kazi katika ofisi moja mjini Embu. Mkono wa kulia wa Baba ulianza kutetemeka miaka michache baada ya kuhama. Daktari alitueleza kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unaompata mtu yeyote, na alieleza vizuri. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akashukuru. Hajawahi kusema neno lolote juu ya mkono huo.

Mwaka huu ofisi yetu iliamua kwenda nje pamoja, ile safari ya wafanyakazi kucheza michezo na kuvuta kamba ili wapendane. Walipotaja mahali, nilisema nina homa. Kisha nikaona kwamba nisipokwenda nitakuwa nimefukuzwa mara ya pili, nikaenda.

Langoni kijana mwenye jaketi la kijani alitupokea kwa sharubati. "Karibuni sana, hapa ni nyumbani," alisema. Siku hizi maji yanapashwa na jua, lile pipa halipo. Nyumba yetu ya mbao imekuwa stoo ya baiskeli. Nyuma zimesimama zile nyumba ndogo, zinatazama mto kama alivyotaka. Na njia ya vyoo ina maua pande zote mbili, yamezaana, yamesongamana, bado yako kwenye mstari wa kamba ya Baba. Wenzangu walisimama kupiga picha. "Hizi maua ni za mwenyewe," yule kijana alituambia. "Anapenda maua, huyo mzee. Alipanda yeye."

Jioni tulikaa kuzunguka moto. Wamejenga ukuta mfupi wa mviringo wa kukalia, wa mawe ya mtoni. Nilijua kabla sijakaa. Nilizunguka polepole na kikombe changu cha chai hadi nikaliona lile bapa, jekundu, lenye shimo. Mhasibu wetu alikuwa amelikalia. Nilimwomba asogee kidogo, akasogea, akaniuliza kama nimechoka.

Asubuhi, wengine wakipakia mizigo, nilitikisa mawe hadi nikapata moja lililolegea, la ukubwa wa mkate, nikaliweka kwenye begi langu katikati ya nguo. Nilipitia Kanyakine nikiwa njiani kurudi Embu.

Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akapitisha kidole gumba juu yake. "Hili lilitoka pale chini kwenye maji ya kuruka," alisema. "Nililibeba nikiwa na mimba ya mdogo wako." Kisha uso wake ukajifunga. "Sasa nilifanye nini? Nyumba haijengwi kwa jiwe moja." Mlango wa kile chumba una tabia ya kujigonga upepo ukivuma, na mwenye nyumba amekuwa akiahidi kuurekebisha. Mama aliliweka jiwe chini ya mlango, akajaribu kuuvuta, haukugonga. Akaenda kutazama chai.

Baba alikuwa amekaa kwenye kitanda, ananitazama kwa hamu ya mtu anayesubiri habari za watoto wake.

"Maji ya kuoga ilikuwa moto?" aliuliza.

"Moto, Baba."

"Na maua?"

"Yamechanua."

Alitikisa kichwa, akapendezwa. "Na uwanja? Wanapiga reki?"

"Wanapiga. Lakini wanakwenda mbele, wanaacha nyayo."

"Ah!" Alicheka kwa dharau, cheko lake la zamani la mtu wa kazi. "Vijana wa siku hizi hawajui kazi."

Mama alikuwa ameshika sufuria ya chai. Hakugeuka.

"Hao ndio wanajua," alisema. "Siku wakiulizwa kama walikuwa hapo, nyayo itajibu."

Mkono wa kulia wa Baba ulikuwa unatetemeka juu ya goti, akaufunika kwa ule wa kushoto.